Hekta 829,200

Wageni wanaopita Karatu kuelekea lango la Lodoare huambiwa kwamba Hifadhi ya Ngorongoro ina kilomita za mraba 8,292. Mimi, kwa mazoea ya ualimu, huigeuza namba hiyo kuwa hekta, 829,200, kisha nikaitafutia vigawo. Tarakimu zake zikijumlishwa ni 21, basi yagawanyika kwa 3. Yagawanyika kwa 16 pia, na kwa 25. Ukishamaliza hayo, inabaki 691. Hiyo ni namba tasa. Jaribu 7, jaribu 13, jaribu 23, utachoka bure. Hata hivyo namba nzima ina vigawo 60. Ukivijumlisha vyote pasipo yenyewe wapata 1,830,848, zaidi ya mara mbili ya ulichoanza nacho! Wagiriki wa kale waliita namba ya namna hii iliyozidi. 28, inayolingana sawasawa na jumla ya vigawo vyake, waliiita kamilifu.

Tangu 1959 wafugaji na wanyamapori wamepangiwa kuishi pamoja katika hekta hizo. Tangu 2022 kaya nyingi zimehamia Msomera, Handeni, wengine kwa hiari, wengine kwa manung'uniko. Mwanafunzi wangu wa zamani, mfugaji, aliniuliza boma la baba yake limo katika kigawo kipi. Nikamwambia swali hilo halimo katika mtihani wa darasa la saba. Alicheka kidogo, akaendelea kufunga mizigo.