Kutoka Kipawa hadi Norwe

Enzi ambazo CD za Ubuntu zilikuwa zikitumwa bure kwa posta, hali ya hewa ilikuwa kitu kidogo tu kwenye paneli ya eneo-kazi la GNOME 2: picha ya jua au wingu, na nyuzijoto pembeni. Unafungua orodha, unachagua Afrika, unashuka hadi Tanzania, unabofya Dar es Salaam, basi. Hakuna kujisajili, hakuna nywila.

Namba zile zilitoka kwenye METAR, taarifa fupi ambazo vituo vya viwanja vya ndege huwaandikia marubani. Shirika la NOAA la Marekani lilizikusanya na kuziacha wazi kwa yeyote. Msimbo wa kiwanja chetu, kilichoko Kipawa, ni HTDA. Kwa hiyo kompyuta yangu, nikiwa Kigamboni, ilikuwa ikinisomea kilichopimwa Kipawa, ng'ambo ya bandari. Mvua ikinipigia bati, paneli inaonyesha jua. Sikulalamika: ilikuwa habari ya mahali fulani, na mahali penyewe nilipajua.

Baadaye nikahamia Conky, ambayo huandika maneno moja kwa moja juu ya picha ya skrini. Kila mstari unaupanga mwenyewe ndani ya faili la .conkyrc, kazi ya kuchosha ambayo mimi niliipenda mno. Joto nililiweka kwa herufi ndogo. Mkazi wa Dar haambiwi na kompyuta kwamba kuna joto. Nilichotaka ni upepo. METAR hutaja upande unakotoka kwa digrii, na mtu wa pwani akiona namba zinahama kutoka kusini-mashariki kwenda kaskazini-mashariki mwishoni mwa mwaka, anajua kaskazi inaingia. Hakuna picha ya wingu iliyowahi kunieleza hivyo.

GNOME 3 ilipotoka Aprili 2011, viprogramu vya paneli vilienda na paneli yake. Vikaja vingine, vizuri kwa macho, vikichota kwenye kampuni kubwa. Google ilifunga mlango wake wa hali ya hewa 2012. Yahoo ikafuata Januari 2019. Huduma ya hali ya hewa ya Dark Sky ilinunuliwa na Apple 2020, na Machi 2023 waliobaki wakakatiwa. Kila mara wijeti ilikuwa nzima. Bomba ndilo lililofungwa huko juu. OpenWeatherMap bado ipo, ila inataka ufunguo wa siri, na kwa namba moja ya joto naona ni urasimu.

Ndiyo maana siku hizi wijeti naiuliza kwanza inachota wapi, urembo baadaye. Programu ya hali ya hewa ya GNOME yenyewe hutegemea Taasisi ya Hali ya Hewa ya Norwe, inayotoa utabiri wa dunia nzima bure. Unaipa latitudo na longitudo, kwangu karibu -6.82 na 39.30, na sharti lake ni la kiungwana: programu ijitaje jina, isibishe hodi ovyo.

Lakini huo ni utabiri, hesabu ya kompyuta iliyo mbali sana na Kigamboni. Kwa hiyo Conky yangu ina mistari miwili, wa Norwe na wa HTDA, nao masika hawapatani hata kidogo. Kwa ya kesho nawasikiliza Wanorwe. Kwa ya sasa hivi naamini Kipawa, isipokuwa mvua. Hiyo nachungulia dirishani.