Malazi ya Mtegaji Katika Nevada

Mji wa Ely umo mashariki mwa jimbo la Nevada, huko Marekani, katika nchi ya juu ipitayo futi 6,000. Barabara nambari 50 huufikia kutoka magharibi ikikata milima na mabonde makavu yenye vichaka vya kijivu. Kutoka Ely hata Eureka, mji wa jirani, ni maili 77, na katikati hapana mji. Mwaka 1986 gazeti la Life liliiita barabara hiyo yenye upweke kuliko zote za Marekani. Wenyeji hawakukasirika, waliliandika jina hilo katika vibao.

Wakati wa baridi wategaji huja kutafuta paka-mwitu wa mkia mfupi, ambaye ngozi yake yenye tumbo jeupe la madoadoa hupendwa na wafanya biashara ya manyoya. Wengine hutoka Reno, maili zipatazo 320, safari iliyo ndefu kuliko ya Mombasa hadi Nairobi. Nao hawawezi kutega kisha wakaenda kungoja nyumbani. Kwa muda mrefu sheria ya Nevada imetaka kila mtego uangaliwe kabla ya saa 96 kupita, na mtegaji mwenye huruma huuangalia mapema zaidi. Kwa hiyo yampasa kulala huko huko majuma kadhaa, na hapo ndipo hesabu yake huanza kuharibika. Bei ya ngozi haijulikani mpaka siku ya mnada. Kodi ya chumba hudaiwa leo.

Malazi ya bure yapo. Sehemu kubwa ya ardhi ya Nevada ni mali ya serikali kuu, na mtu aweza kupiga hema humo bila kulipa, kwa kawaida siku 14, kisha ahame. Lakini baridi ya Januari si ya kuchezea: maji huganda ndooni, na hema jepesi halifai kitu. Yahitajiwa turubai nzito, jiko la kuni na dohani. Wako wanaolala ndani ya gari wakiwasha jiko la gesi huku madirisha yamefungwa. Hilo huua kimya, sawasawa na jiko la makaa katika nyumba isiyo na hewa.

Atakaye kitanda huenda kwenye moteli, yaani nyumba ya wageni ya kando ya barabara. Asiulize bei ya usiku mmoja. Aulize bei ya juma, tena kama chumba kina jiko na friji, kwani chakula cha kununua mara tatu kwa siku humaliza fedha upesi. Migodi ikishamiri, wachimbaji huvijaza vyumba, basi ni heri apige simu kabla ya kuondoka kwake. Katika Marekani nzima moteli nyingi ni za watu wa asili ya Gujarat, na baadhi yao walifika huko baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972. Watu kama hao wajua taabu ya ugeni. Lakini mzoga katika bafu hawaukubali, wala nani angeukubali?

Maana mtegaji hunuka. Chambo chake ni samaki aliyeoza na mkojo wa wanyama. Afadhali aseme kazi yake tangu mlangoni, achune porini, na akodi banda la kutandazia ngozi. Hata moto wa chumbani haufai, kwa kuwa ngozi ikikaushwa upesi mno hukakamaa.

Ziko pia hoteli zenye kamari, iliyoruhusiwa katika Nevada tangu mwaka 1931. Huko chumba huweza kuwa rahisi, kwa sababu mwenye hoteli hutazamia faida yake kwenye mashine zilizo ukumbini. Wategaji nao hunaswa.

Lililo bora kuliko yote halitangazwi popote. Mfugaji wa kondoo, ambaye wana-kondoo wake huliwa na koyote, aweza kumpa mtegaji mwenye adabu kibanda, au gari la kukokotwa la wachungaji, lenye kitanda na jiko dogo. Mitego iko karibu, na petroli haipotei njiani. Kodi yake ni koyote wachache, malango kufungwa kila apitapo, na kuni kurudishwa kiasi kile kile alichozikuta.