Mdogo Wangu na Safari ya Moshi

Katika gazeti letu la muhula huu nataka kuwaeleza wanafunzi wenzangu, walimu na wazazi habari za mdogo wangu. Habari hizi nilizificha kwa muda mrefu, na kuzificha huko ndiko kosa ninalotaka kulikiri.

Nyumbani kwetu ni upande wa Tloma, hapa Karatu, karibu na msitu wa Ngorongoro. Mdogo wangu sasa ana miaka 7. Alipofika miaka 3 alikuwa hajasema neno hata moja. Ukimwita hageuki, lakini lori likipita mbali barabarani huziba masikio kwa mikono miwili na kulia. Hakukubali kuvaa sweta hata katika baridi ya mwezi wa saba. Chakula chake kilikuwa ugali na viazi tu. Ukimwekea mboga juu yake, hali kabisa. Lakini mpeleke penye maji yanayotiririka, atakaa kimya hata saa nzima akiyatazama.

Watu walisema mengi. Wengine walisema ni laana, wengine wakasema mama alikosea jambo fulani wakati wa mimba. Katika hospitali moja tuliambiwa, "Huyu atakua tu, watoto wa kiume huchelewa." Shule moja ilimpokea kwa siku mbili, na siku ya tatu akarudishwa nyumbani.

Nami sikuwa bora kuliko hao. Siku moja rafiki yangu wa darasani alikuja kuazima kitabu cha hesabu. Mdogo wangu akapita uani, akizunguka na kupunga mikono kama desturi yake. Rafiki yangu akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikajibu, "Mtoto wa jirani." Mama alikuwa jikoni, akasikia. Hakunigombeza. Alinyamaza tu, na usiku ule hakula chakula.

Haukupita muda mrefu, mvua kubwa ikanyesha jioni na kupiga mabati kwa kishindo. Mdogo wangu akafungua mlango akakimbia. Wanaokaa kwetu wanajua kuwa usiku tembo na nyati hutoka msituni na kuingia katika mashamba ya mahindi. Majirani walitoka na tochi, wale wale waliosema habari za laana, tukatafuta mpaka saa tatu usiku. Tulimkuta korongoni, amekaa kando ya maji, amejaa udongo mwekundu mpaka kifuani, ametulia kabisa. Baba akambeba mgongoni. Tulipofika nyumbani akasema, "Leo tumempata. Je, siku nyingine?"

Ndipo mama alipokwenda kumweleza muuguzi mmoja mambo yote, hata yale ya aibu. Muuguzi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, mimi naona kama ni usonji. Mpelekeni KCMC, Moshi. Waulizeni watu wa tiba kwa vitendo."

Neno hilo lilikuwa geni kwetu. Baba aliuza magunia mawili ya maharage ili kupata nauli. Kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa, nami nilikwenda ili kumshika mtoto. Kutoka Karatu mpaka Moshi ni zaidi ya kilomita 200. Basi liliondoka alfajiri, likateremka Mto wa Mbu, likapita Makuyuni na Arusha. Mdogo wangu alilia njia nzima. Abiria mmoja akasema kwa sauti kuwa mtoto huyu hana adabu. Mama hakumjibu, alimfunika mtoto kichwa kwa kitenge, akampakata.

Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na kuna chuo cha kufundisha wataalamu wa tiba kwa vitendo mahali hapo hapo. Tulipokuwa tukingoja, mama alikaa benchi moja na mama wa Kimaasai mwenye binti mdogo. Alikuwa ametoka Endulen, ng'ambo ya kreta ya Ngorongoro, na safari yake ilikuwa ndefu kuliko yetu. Walizungumza kwa sauti ndogo. Nilimsikia mama akiuliza, "Hata wewe waliambiwa ni laana?" Yule akajibu, "Hata mimi." Baada ya hapo walishirikiana chapati na chai kama ndugu.

Aliyetupokea alikuwa dada mmoja mtaalamu. Hakuvaa uso wa ukali, wala hakutoa sindano. Aliketi chini juu ya mkeka, akamwachia mdogo wangu afanye apendavyo, naye akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akatueleza kwamba usonji ni namna ubongo wa mtoto ulivyojengeka tangu mwanzo. Hauambukizi, wala hakuna dawa ya kuuondoa. Tiba kwa vitendo ni kumsaidia mtoto aweze kazi za kila siku: kula, kuvaa, kunawa, kucheza, na kukaa pamoja na watu.

Baadaye nilisoma kwamba daktari Leo Kanner wa Marekani aliandika habari za watoto 11 wa namna hii mwaka 1943. Nilisoma pia kwamba katika miaka ya 1950 mabingwa wengi wa huko waliwalaumu kina mama, wakidai eti hawakuwapenda watoto wao. Mwaka 1964 Bernard Rimland, ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, alitoa kitabu kuyapinga mawazo hayo. Basi tusidhani ni wanakijiji tu waliomwonea mama. Hata wasomi wakubwa walikosea vile vile.

Yule dada alitufundisha mambo matatu. La kwanza, kazi nzito kidogo humtuliza mtoto wa namna yake. Apewe kubeba dumu dogo la maji, kusukuma toroli, au kukanda unga. La pili, asifundishwe kuvaa sweta lote kwa mara moja. Mama amvike mpaka libaki kuvutwa chini tumboni tu, na hatua hiyo ya mwisho aimalize yeye, ili kila mara amalize kwa kushinda. Akiiweza, aachiwe hatua mbili, kisha tatu. La tatu, apangiwe siku yake kwa picha, maana macho yake huelewa upesi kuliko masikio.

Kisha akatuambia, "Mimi mtoto huyu nitamwona mara chache. Ninyi mnakaa naye kila siku." Akanigeukia mimi. "Na wewe, kaka mtu, unajua kuchora?"

Nilijibu kuwa najua kidogo. Tuliporudi nilikata maboksi nikachora kwa mkaa: kikombe, sahani, sweta, beseni, kitanda. Nilizitundika ukutani kwa mpangilio, na kila kazi ikiisha yeye mwenyewe hugeuza picha yake. Chini ya kitanda tulimtandikia blanketi, pawe mahali pake pa kukimbilia mvua ikipiga mabati.

Sitaki kuwadanganya wasomaji. Sweta lilichukua miezi mitano. Tumerudi Moshi mara mbili, na mara moja tulikosa nauli tukashindwa kwenda. Shule bado hajapata. Maneno yake ni machache, na la kwanza lilikuwa "maji". Lakini kila asubuhi hubeba dumu lake la lita 3 kutoka bombani mpaka jikoni, na tangu hapo hajakimbia usiku. Mwezi uliopita mvua ilinyesha kwa nguvu; tulimtafuta tukamkuta chini ya kitanda, amejifunika blanketi, anatutazama.

Nimeandika haya kwa sababu tatu. Ninyi wazazi, mtoto asiyesema wala kugeuka anapoitwa msimngoje "akue tu". Ulizeni mapema, na mkijibiwa ovyo, ulizeni mahali pengine. Ninyi walimu, mjue kwamba mtoto wa namna hii hufundishika, ila njia yake ni nyingine. Na wakubwa wa serikali wanaoweza kusoma gazeti hili, twaomba wataalamu wa kazi hii wasogezwe karibu, maana si kila mtu ana magunia mawili ya maharage ya kuuza.

Kwenu wanafunzi wenzangu nina neno moja. Muhula huu yule rafiki yangu alikuja tena nyumbani. Mdogo wangu alikuwa uani na dumu lake. Nikamwambia rafiki yangu, "Siku ile nilikudanganya. Huyu ni mdogo wangu." Akanitazama, kisha akaenda kumsaidia kufungua mlango wa jikoni. Mama alikuwa ndani, na najua alisikia.