Thabeet, Camby na biashara ya hewa

Jina la Hasheem Thabeet likitajwa kijiweni hakosekani wa kusema, "Yule jamaa mwishoni walimtoa bure kabisa." Watu wanacheka, mazungumzo yanahamia Simba na Yanga, kesi imekwisha.

Leo naomba tuifungue tena kesi hiyo. Sina nia ya kumtetea Thabeet kama mchezaji. Takwimu zipo na kila mtu anaweza kuzisoma: msimu wake wa kwanza Memphis, 2009-10, alicheza mechi 68 kwa wastani wa pointi 3.1. Kwa mtu aliyechaguliwa namba 2 kwenye drafti, mbele ya James Harden (namba 3) na Stephen Curry (namba 7), hizo ni takwimu za kulia. Ninachobishia mimi ni hilo neno "bure". Katika ligi ile watu hutolewa "bure" kwa sababu ambazo mara nyingi hazihusiani kabisa na uwezo wao wa kucheza, na anayelijua hilo anaisoma habari nzima kwa jicho jingine.

Kwa wale ambao NBA kwao ni video fupi za watu wakining'inia kwenye ringi, ngoja nieleze haraka. Ligi inaweka kikomo cha mishahara kwa kila timu. Msimu wa 2008-09 kikomo kilikuwa dola milioni 58.68. Kuna njia halali za kukivuka, kwa mfano unapombakiza mchezaji wako mwenyewe, lakini juu yake kuna mstari mwingine. Msimu ule ulikuwa dola milioni 71.15. Ukiuvuka huo unalipa kodi ya anasa, na wakati ule ilikuwa dola moja kwa kila dola uliyozidisha. Yaani mchezaji wa dola milioni 10 anaweza kukugharimu milioni 20. Isitoshe, timu zilizo juu ya kikomo hazibadilishani wachezaji hivi hivi; mshahara unaoingia lazima ukaribiane na unaotoka. Ndiyo maana unaona nyota mmoja anabadilishwa na watu watatu ambao hata ndugu zao hawawaangalii. Kilichowekwa kwenye mizani ni mishahara.

Mwezi Februari 2008 Dallas walimtaka Jason Kidd kutoka New Jersey, hesabu ikagoma. Wakamkumbuka Keith Van Horn, ambaye hakuwa amecheza tangu 2006, wakamsainisha mkataba wa zaidi ya dola milioni 4 ili apelekwe New Jersey kujazia pungufu. Hakuwachezea hata dakika moja. Mtu kalipwa mamilioni kwa kuwa jiwe la mizani! (Anayejua barua za maombi ya kazi hiyo zinapelekwa wapi aninong'oneze.)

Sasa fikiria nyumba ya kupanga. Una vyumba vitano, vyote vina wapangaji, na ameibuka mpangaji unayemtamani kweli kweli. Huna pa kumweka. Kati ya wapangaji wako, nani ana thamani kwako siku hiyo? Yule ambaye mkataba wake unaisha mwezi wa sita, hata kama ni msumbufu na mlango wake kauvunja. Mikataba ya NBA nayo huisha 30 Juni. Mchezaji wa kawaida tu mwenye mshahara mnono unaoisha mwaka huo anaweza kugombaniwa, kwa sababu anayempokea hamnunui yeye, ananunua chumba kitakachobaki wazi akiondoka.

Na ukiwa na chumba wazi tayari, wenzako waliojaza watakuletea watu wao wazuri kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo anapoingia Marcus Camby, ambaye kwangu ndiye shahidi muhimu kuliko wote katika kesi ya Thabeet.

Camby alichaguliwa namba 2 mwaka 1996, nyuma ya Allen Iverson. Mwaka 2007 akapewa tuzo ya mlinzi bora wa NBA. Msimu uliofuata akaongoza ligi nzima kwa kuzuia mipira, wastani wa 3.6 kwa mechi. Halafu Julai 2008 timu yake, Denver, ikampeleka Los Angeles Clippers. Unajua ilipewa nini? Haki ya kubadilishana na Clippers zamu ya kuchagua katika raundi ya pili ya drafti ya 2010. Basi! Hakuja mchezaji, haikuja raundi ya kwanza. Mlinzi bora wa mwaka uliotangulia aliondoka kwa kitu ambacho mimi na wewe tungekiita hewa.

Kumbe Denver walikuwa juu ya mstari wa kodi, na Camby alikuwa na mshahara wa takriban dola milioni 10. Clippers walikuwa ndiyo kwanza wameondokewa na Elton Brand na Corey Maggette, wana vyumba wazi, hawahitaji kurudisha mshahara wowote. Denver wakapunguziwa mshahara, wakapunguziwa na kodi yake, wakapata na kibali ambacho ligi huwapa walioachia mchezaji bila kupokea mwenye mshahara: haki ya kumchukua mchezaji kutoka timu nyingine ndani ya mwaka mmoja bila kulinganisha mishahara. Mashabiki wa Denver walikasirika, na ningekuwa mmoja wao ningekasirika vilevile.

Msimu uliofuata timu yao ikashinda mechi 54 na kufika fainali ya Magharibi. Nene alihamia kwenye nafasi ya senta, na kazi ya kuzuia mipira akasaidia Chris Andersen, aliyesajiliwa kwa mshahara wa kima cha chini.

Lakini sehemu kubwa ya mafanikio hayo ilitoka kwingine, na ndiko kwenye utamu wa hadithi. Novemba 2008 Denver walimpeleka Iverson Detroit, wakamchukua Chauncey Billups, mzaliwa wa Denver. Kwa nini Detroit wamwachie Billups, nahodha aliyewapa ubingwa mwaka 2004, kwa Iverson mwenye miaka 33? Kwa sababu mkataba wa Iverson, zaidi ya dola milioni 20, ulikuwa unaisha 2009. Detroit walinunua chumba.

Ilikuwa timu iliyofika fainali ya Mashariki miaka sita mfululizo, 2003 hadi 2008. Iverson alipoondoka, chumba kikawa wazi kama ilivyopangwa, na kiangazi kile wakawaingiza Ben Gordon na Charlie Villanueva kwa mikataba ya miaka mitano mitano, jumla zaidi ya dola milioni 85. Hawakuionja tena hatua ya mtoano hadi 2016. Mwaka 2012 walimtoa Gordon na kuongeza chaguo la raundi ya kwanza juu yake, ili tu Charlotte wakubali kumpokea. Walimpata nani? Corey Maggette, mwenye mkataba unaoisha. Yaani walilipa mara ya pili kununua chumba kilekile.

Kwa hiyo mtu akiniambia timu fulani "imepunguza mzigo wa mishahara", namuuliza: imepunguza ili imlete nani? Asipokuwa na jibu, hiyo ni habari ya mhasibu, haijawa habari ya michezo.

Nimeishi kitu kama hicho, kwa senti na si kwa mamilioni. Chumba kimoja cha habari nilichofanyia kazi, sitakitaja, kilikuwa na mhariri mmoja mzee. Alikuwa akinirudishia stori imejaa wino mwekundu kama daftari la mtoto wa darasa la pili. "Kijana, nani kasema hivi? Ulimsikia mwenyewe?" Siku moja tukaambiwa gazeti linapunguza gharama, na mzee akaaga. Tukaajiriwa vijana wawili, mimi nikiwa mmoja wao, kwa mikataba ya mwaka mmoja, na mishahara yetu wawili ukiijumlisha haikufika nusu ya wake. Kwenye karatasi ya mhasibu tulikuwa biashara safi, wawili kwa mmoja na chenji inabaki.

Chenji ilikwenda wapi sikuwahi kuambiwa. Ninachojua ni kwamba baada ya mzee kuondoka hakuna aliyekuwa akituuliza nani kasema hivi. Makosa yakaanza kutoka gazetini, majina yamepinda, vyeo si vyenyewe, na simu za malalamiko zikapokelewa na sisi wawili kwa zamu. Sijawahi kuona aibu kwa kuichukua kazi ile. Nilikuwa na kodi ya miezi sita ya kulipa kwa mkupuo. Ila tangu hapo nikisoma kwamba mchezaji ametolewa "kwa sababu za kifedha" siwezi kukaa tu kama shabiki. Namtazama na yule anayeingia kwa bei nafuu. Najua kiti anachokalia bado kina joto la mwenzake.

Tofauti moja lazima niiseme, tusije tukalia machozi ya bure. Mchezaji wa NBA akihamishwa, mkataba wake unahama naye. Mshahara hautetereki, na chama chao kilipigania hilo. Mzee wangu alipewa mkono wa kwaheri na picha ya pamoja.

Turudi kwa Thabeet. Alianza kikapu akiwa na miaka 15 huku Dar es Salaam, na miaka michache baadaye alikuwa Chuo Kikuu cha Connecticut akiwazuia wanaume wazima. Watu hawakumchagua namba 2 kwa huruma. Mtu mwenye mita 2.21 anayeweza kukimbia haonekani kila siku. Lakini kwenye NBA mshahara wa anayechaguliwa raundi ya kwanza unafuata jedwali, na namba 2 ni mshahara mkubwa: zaidi ya dola milioni 4 mwaka wa kwanza, na unapanda kila mwaka. Angechaguliwa namba 25 akacheza vilevile, angekaa benchi kimya kimya akijifunza, na hakuna ambaye angemsumbua. Namba 2 haikaliki hivyo. Mshahara ule unahesabiwa kila siku.

Februari 2011 Memphis walimpeleka Houston pamoja na chaguo la raundi ya kwanza, wakampata Shane Battier, na miezi miwili baadaye Battier akawafungia mpira wa ushindi San Antonio katika mechi ya kwanza ya mtoano. Memphis, timu ya nane, wakawatoa San Antonio waliokuwa wa kwanza. Huwezi kusema walikosea.

Kisha ikaja tarehe 15 Machi 2012. Houston wakamtoa Thabeet na Jonny Flynn, pamoja na chaguo la raundi ya pili, kwenda Portland. Flynn alikuwa namba 6 wa drafti ile ile. Kwa hiyo wawili waliochaguliwa mbele ya Curry walisafiri ndani ya bahasha moja. Na aliyekuja upande wa pili ni nani? Marcus Camby, amebakiza wiki moja kutimiza miaka 38. Namba 2 kwa namba 2! Siku hiyo hiyo Portland walimfukuza kocha Nate McMillan, na wakamtoa Gerald Wallace kwenda New Jersey wakapewa chaguo lililokuja kuwa Damian Lillard. Timu ilikuwa inafagia nyumba. Thabeet na Flynn walikuwa na mikataba inayoisha Juni; hawakuletwa kucheza, waliletwa kuisha. Houston, waliotaka kufika mtoano, hawakufika.

Oklahoma City ndio walimchukua kwa mshahara mdogo, na hapo ndipo alipotulia: mechi 66 msimu wa 2012-13. Hakuna aliyemsema sana, kwa sababu mshahara wake na kazi yake vilikuwa vimekaribiana. Timu hiyo hiyo, Oktoba 2012, ilimtoa Harden kwenda Houston baada ya kushindwana naye katika mkataba mpya, huku kodi ya anasa kali zaidi, iliyokubaliwa baada ya wamiliki wa timu kuwafungia wachezaji milango mwaka 2011, ikisubiri mlangoni. Mwaka 2018 Harden alikuwa mchezaji bora wa ligi. Mizani iliyomtoa namba 2 Memphis na Houston ndiyo iliyomtoa na namba 3 Oklahoma, na huyo namba 3 alikuwa moto.

Agosti 2014 Thabeet akapelekwa Philadelphia. Oklahoma waliongeza fedha kidogo juu yake, wakapewa kibali cha dola milioni 1.25 na chaguo la raundi ya pili lililowekewa masharti mengi mno. Philadelphia walikuwa na vyumba wazi kuliko wapangaji. Mshahara wake haukuwa na dhamana, hivyo wakamwachia baada ya siku chache. Hiyo ndiyo "bure" ya kijiweni. Kwa umbo lake ni biashara ile ile ya Camby wa 2008, hewa kwa hewa, na Camby alikuwa ametoka kuongoza ligi.

Mizani bado inafanya kazi. Mwaka 2025 Boston, mabingwa wa 2024, waliwatoa Jrue Holiday na Kristaps Porzingis kwa sababu sheria mpya zinawabana sana wanaozidisha mishahara. Nasubiri kumsikia mtu kijiweni akisema Holiday hajui mpira.

Thabeet yeye aliendelea kucheza. Msimu wa 2017-18 alikuwa Yokohama, Japani, na 2020-21 alikuwa Taiwan, miaka 11 baada ya ile drafti. Huko nako kuna mtu alikaa chini, akapiga hesabu zake, akaona kijana wa Dar anamfaa.