Usultani wa Miezi Sita

Jamshid bin Abdullah alirithi usultani wa Zanzibar mwezi Julai 1963. Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yakamwondoa, naye akaenda kuishi Portsmouth, Uingereza, zaidi ya nusu karne, bila kiti wala raia. Septemba 2020, akiwa na umri wa takriban miaka 91, aliruhusiwa kuhamia Oman, nchi ya mababu zake. Huko ndiko alikofariki Desemba 2024.

Kwa kipimo cha vyeo, maisha hayo ni anguko refu. Na kwa wengi Unguja, anguko hilo lilikuwa ukombozi wao. Lakini ombi lililokubaliwa mwaka 2020 halikuwa la kiti. Lilikuwa la kumalizia uzee karibu na jamaa. Maskati wapo wengi walioacha nyumba na mashamba Zanzibar baada ya 1964. Wao hulielewa ombi hilo bila kufafanuliwa. Barazani mwao, ambako Kiswahili cha Unguja bado kinazungumzwa, mgeni haulizwi alikuwa na cheo gani. Huulizwa ni mtoto wa nani, kisha humiminiwa kahawa. Aliyebakiwa na mahali pa kuulizwa hivyo hajashindwa na maisha.