Baba Hakuwa na Tarehe

Katika misiba ya Walutheri wa kwetu Kagera kuna dakika ambayo wafiwa huingoja kwa hofu. Wasifu wa marehemu umeshasomwa, kwaya imekaa, mhubiri anasimama kando ya jeneza. Kama marehemu alikuwa ameokoka na kila mtu anajua, hilo litatamkwa kwa furaha, hata wanaolia watapata pumzi. Kama hakuna ajuaye, mhubiri mwenye huruma atasema na walio hai na kumwacha marehemu mikononi mwa Mungu. Mwingine atauliza.

Tulipomzika baba kibanjani, mhubiri aliuliza. Je, mzee huyu alizaliwa mara ya pili? Aliuliza mara moja tu, kisha akaendelea na mwaliko wa toba kwa vijana waliosimama kwenye migomba. Nadhani yeye mwenyewe alilisahau swali lile kabla ya chakula. Mama yangu, mlokole tangu usichana wake, alilibeba hadi kaburini kwake, nami nimelirithi.

Sina ugomvi na fundisho lenyewe. Ninaliamini. Injili ya Yohana, sura ya tatu, inamleta Nikodemo kwa Yesu usiku, na huyo Nikodemo si mlevi wala mwizi. Ni Farisayo, mjumbe wa baraza, mwalimu wa watu. Ndiye anayeambiwa kwamba asipozaliwa kwa maji na kwa Roho hauingii ufalme wa Mungu. Kama mtu wa namna ile, mwenye elimu, umri na maadili, alihitaji kuanza upya, basi hakuna mtu ambaye heshima yake inamtosha. Makanisa yamelipokea neno hilo kwa njia tofauti. Wakatoliki, Waorthodoksi na Walutheri huuona uzazi huo katika ubatizo. Ndugu wa uamsho, yaani walokole, hawakuukana ubatizo, bali waliuliza swali gumu zaidi: umebatizwa, sawa, uhai uko wapi?

Uamsho huo ulizaliwa karibu na vifo, na kwa hiyo siwezi kuutazama kama jambo la shangwe tupu. Mwaka 1929 Mganda Simeoni Nsibambi alikutana Namirembe, Uganda, na daktari Mwingereza Joe Church, wakaomba na kuyachunguza Maandiko pamoja. Moto ukashika Gahini, Rwanda, kwenye hospitali ya misheni, ambako mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa akifanya kazi. Kigozi alilipigia kanisa la Uganda kelele kwamba limelala. Januari 1936 homa ilimwua akiwa bado kijana, na mwito wake ulisikika zaidi baada ya kifo kuliko kabla. Kutoka huko habari zikavuka hadi Burundi, Kenya, na kwetu ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Viktoria.

Mama aliposimama kutubu mbele ya watu alipata ndugu wengi kwa siku moja. Alipoteza wengine pia, na hili halielezwi vya kutosha kwenye shuhuda. Aliacha kumimina rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa wageni, na kaka zake wakaona amewafungia mlango. Alikataa kushiriki mambo ya mizimu ya ukoo, shangazi zake wakamlilia kama aliyekufa. Askofu Josiah Kibira, mtu wa Bukoba aliyeujua uamsho kutoka ndani, aliandika kitabu kuhusu kanisa na ukoo, kilichotoka mwaka 1974, na kila ninapofikiri juu ya mama naona kwa nini mtu wa kwetu alilazimika kukiandika. Kuzaliwa upya kwetu sisi kulikuwa kupata ukoo mpya. Anayezaliwa katika ukoo mpya kuna mahali ameondoka, na waliobaki pale nao ni wafiwa.

Baba alikuwa miongoni mwa waliobaki. Hakumzuia mama kwenda kwenye ushirika wala hakumcheka. Alikaa benchi la nyuma kanisani kila Jumapili, akaimba besi, akatoa sadaka, akala meza ya Bwana. Kutoa ushuhuda hakutoa kamwe. Walokole wana tarehe. Janani Luwum, aliyekuja kuwa askofu mkuu wa Uganda, aliokoka tarehe 6 Januari 1948, na siku hiyo inakumbukwa pamoja na maisha yake yote. Mama naye alikuwa na siku yake na aliiadhimisha kwa maombi na chai. Baba hakuwa na tarehe hata ya kuzaliwa kwa kwanza. Aliambiwa na mama yake kwamba alikuja wakati wa njaa, mvua zilipochelewa, na karani fulani akamwandikia 1 Julai ili fomu ijae. Hata hivyo hakuna aliyewahi kumtazama akipalilia migomba yake na kutia shaka kwamba amezaliwa.

Nimekaa na wazo hilo miaka mingi. Mtoto hashuhudii kuzaliwa kwake. Wengine ndio wanaoona kwamba amelia, amenyonya, amekua. Je, Roho hawezi kumzaa mtu kimya, polepole, bila mwenyewe kuitambua saa? Yesu alimwambia Nikodemo habari za upepo ambao unausikia lakini hujui utokako wala uendako. Siku moja baba alirudisha kwa jirani kipande cha shamba alichokuwa amekwisha kupewa na baraza. Alikwenda mwenyewe asubuhi, akang'oa mimea ya mpaka na kuipanda upande wa huku. Alipoulizwa, alisema tu kwamba kilikuwa kinamkosesha usingizi. Ningependa kusema kwamba hicho ndicho kilio cha mtoto mchanga. Lakini siwezi kudanganya kwa ajili ya faraja yangu. Nikodemo naye alikuwa mwadilifu, na akaambiwa bado.

Hapo ndipo huzuni yangu inapokaa, na ni tofauti na huzuni ya kumkosa. Kumkosa kunapungua makali.

Niliwaonea wivu waliomlilia Luwum. Aliuawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Kaburi lilichimbwa Namirembe, lakini serikali ilikuwa imeupeleka mwili Mucwini, kijijini kwao, na waombolezaji wakakusanyika kwenye shimo tupu. Waliimba. Hawakuwa na mwili, ila walikuwa na hakika. Sisi tulikuwa na mwili, tukauosha, tukauvisha suti, tukauweka chini ya migomba.

Wasomaji wengi wa Yohana humwacha Nikodemo katika usiku ule wa kwanza. Anarudi mara mbili. Katika baraza anathubutu kusema kwamba sheria haimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza, na wenzake wanamkaripia. Kisha, Yesu amekwisha kufa na wengi wa wanafunzi wametawanyika, anakuja mchana kweupe na manemane na uudi, yapata ratli mia, kusaidia kuuzika mwili. Yohana haandiki kwamba alitubu au alisimama kushuhudia. Tunaonyeshwa tu mahali alipokuwa amesimama wakati wa maziko, na mzigo aliokuja nao.

Majirani zetu Wakatoliki huwaombea misa wafu wao. Sisi hatukufundishwa hivyo, na nyakati nyingine nimeliona pengo lake, maana upendo unataka kuendelea kufanya kitu. Mama hakumwombea baba baada ya kifo. Alikuwa imara katika mafundisho yake. Nilipomuuliza kama anadhani tutamwona tena, alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, nilimtaja kwa Yesu kila siku nilipokuwa naye. Nisimwone Yesu kama msahaulifu."

Siku hizi watu wa ushirika wetu huniomba niwaandikie wasifu wa marehemu wao. Tukifika kwenye mambo ya imani, wengine hushusha sauti na kuuliza tuandike nini, kwa sababu mzee hakuwahi kusema ameokoka. Nawaambia tuandike alibatizwa lini, kama cheti kipo, na tuandike aliyoyatenda waliyoyaona kwa macho yao. Mhubiri akija kabla ya ibada, namwendea kando na kumwomba kwa heshima ahubiri juu ya kuzaliwa upya kwa nguvu zake zote, awaambie wazima, na asimuulize aliyelala.