Soma namba kwanza, paswedi baadaye

Leo nawapa la kompyuta. Seva ya MySQL ikigoma kukuingiza, soma namba inayokupa. Ni kama safari ya kutoka Bunda kwenda Butiama. 2003: hujafika, umekwama njiani; seva imezimwa, au fayawoli imefunga poti 3306. 1130: umefika getini, ila wanaotokea ulikotoka hawaruhusiwi. 1045: mlinzi kakusikiliza, lakini jina na paswedi haviendani na daftari lake.

Mimi na mshkaji tulikuwa fildi Musoma. Data za wakulima wa pamba ziko seva ya Dar, kesho yake tunawasilisha ripoti. Jamaa anataka tubadilishe paswedi, wakati namba inasema 1130! Chuoni tuliingia kila siku. Musoma tulitumia bando la simu, anwani nyingine kabisa. Mwenye seva akaiongeza, saa nne usiku data zikashuka.

Wapo watakaowaambia muweke alama ya %, akaunti ikubalike kutoka kokote duniani. Rahisi kweli, ila hapo majina na simu za wakulima vinalindwa na paswedi tu. Msikubali, wazee. Tuko pamoja!